Kuvu Chini ya Ganda

Ijumaa, katikati ya Aprili. Emali, mchana. Mawingu mazito, mvua imekataa kunyesha.

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakuomba, kabla hujafika mstari unaofuata, tazama kama uko peke yako. Usilisome kwa sauti. Usimwambie mwenzako wa nyumbani, wala mchungaji, wala yeyote anayekuapia kwamba ananitakia mema. Yaliyo humu yanaweza kumuua mtu, na watu wenyewe wako hai bado, angalau mpaka jana saa saba.

Samahani kwa mwandiko. Naandikia juu ya goti.

Jana nilimchoma mtu kwa chuma.

Nimeiandika sentensi hiyo na sasa naitazama kama imeandikwa na mwingine. Mimi ni karani. Nina miaka ishirini na miwili na cheti cha kidato cha nne. Sijawahi kuchinja hata kuku. Nyumbani dada zangu walinicheka kwa hilo mpaka wakachoka. Nikisikia watu wakigombana sokoni, mimi huvuka barabara.

Nitaeleza tangu mwanzo, polepole, nisije nikajipendelea.

Tangu mwaka jana naandika katika ghala la mahindi, kijiji fulani upande wa Mbumbuni. Jina la kijiji nitaliacha. Ghala ni la chama cha wakulima, ila kila mtu huliita la Mwenyekiti, na Mwenyekiti hajawahi kumsahihisha yeyote. Mwezi wa pili mvua ilinyesha wakati usio wake, mahindi yakiwa bado shambani. Watu walikuwa na njaa, na wezi walikuwa wakivuna usiku mashamba ya wenzao, basi kila mtu akavuna haraka, mahindi yakiwa na maji. Mwenyekiti aliyapokea hivyo hivyo. Akayafungia katika magunia ya nailoni yasiyopumua, akayapanga juu ya simenti bila mbao chini yake.

Nilimwambia. Kweli nilimwambia, kwa sauti ndogo, macho yangu yakiwa kwenye viatu vyake.

"Karani," alinijibu, "wewe andika. Simenti wachia mimi."

Mwisho wa mwezi wa tatu nilichukua bambo nikadunga gunia la katikati. Kwa asiyelijua, bambo ni chuma kirefu kama mkono, chenye ncha kali na mfereji ndani. Unakichomeka kwenye gunia, mahindi yanateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, nawe unajua hali ya ndani bila kufungua. Yaliyoteremka siku hiyo yalikuwa ya kijani. Mengine yameshikana kwa nyuzi nyeupe. Yalikuwa na joto, kama kiganja cha mtu mwenye homa, na harufu yake ilibaki kwenye vidole vyangu hata baada ya sabuni.

Mwenyekiti alikuja, akatazama, akanusa, akajipangusa vidole. Kisha akasema kilichooza ni ganda tu. Akina mama wakoboe, ndani ni salama.

Kwetu hilo ni jambo jepesi kuamini. Ukambani nani hali muthokoi? Mahindi yanaloweshwa kidogo, yanatwangwa kwenye kinu mpaka maganda yatoke, yanapepetwa, yanapikwa na maharagwe. Mama yangu alinilea kwa chakula hicho. Na mahindi yale, yakishakobolewa, yalitoka meupe kama meno ya mtoto. Hakuna aliyeweza kuyatofautisha na mazuri.

Sasa naandika neno ambalo sijamwambia mtu.

Mwenyekiti hakuwaambia akina mama. Niliwaambia mimi.

Walikuja na vikapu vyao kuchukua mgao, wakaona ile rangi, wakarudi nyuma. Nikasimama mlangoni na kalamu yangu mfukoni nikasema, "Osheni, mkoboe vizuri. Kuvu hukaa kwenye ganda." Nilitumia ile sauti ya darasani. Mwende, mama wa watoto wawili, akawaambia wenzake, "Huyu amesoma. Hawezi kutulisha sumu." Wakacheka, wakabeba.

Nilisoma, ndiyo. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Mwalimu wetu wa biolojia alitumia wiki nzima juu ya kuvu. Alituambia iko kwenye hewa tunayoivuta, iko kwenye mkate wa jana, katikati ya vidole vya miguu yetu, kwenye ngozi ya kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, yale mabaka ya duara. Hamira inayoumua mandazi ni kuvu. Kinachochemsha kaluvu, pombe yetu ya kienyeji, mpaka wazee waimbe ni kuvu. Sindano ya penisilini iliyomwokoa kaka yangu na nimonia ilitokana na kuvu. Mchwa huilima chini ya ardhi kama sisi tunavyolima kunde, na mvua ikinyesha shamba lao huchipua juu ya kichuguu, nasi tunaita uyoga. Baba yangu alipokwenda kurina asali alibeba moto ndani ya uyoga mgumu wa kwenye magogo, ule unaofanana na sikio. Unafuka kutwa nzima bila kuwaka. Na mwalimu alisema jambo moja zaidi: kinachoonekana nje ni kidogo tu, nyuzi zake zimeshaingia ndani.

Nililijua hilo. Nililiandika kwenye mtihani nikapata alama. Mlangoni mwa ghala nikalisahau, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu.

Baada ya siku chache kikundi cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilikwenda kuchimba matuta kwenye shamba la Mwende. Akina mama kama ishirini, chungu kimoja cha muthokoi. Susu Kalunde alikuwa nao. Si bibi yangu wa damu, ila huniita mjukuu, nami humwita Susu. Ni mjane, anaishi kando ya vichuguu vya bondeni, na mvua ikinyesha hakuna anayemtangulia kwenye uyoga. Siku hiyo alileta kiondo kizima, akawapikia chunguni pamoja na muthokoi. Akipita ghalani aliniachia uyoga kidogo uliofungwa kwa jani. Niliukaanga kwa kitunguu, nikala na ugali wa unga wa dukani. Ulikuwa mtamu kama nyama ya figo.

Sikuumwa.

Wengine waliumwa. Macho yakawa manjano, matumbo yakavimba, wakatapika. Mtoto mdogo wa Mwende alikufa Jumatatu. Mwende mwenyewe alikufa Jumanne, akitokwa na damu puani. Jana asubuhi tulimzika. Udongo ulikuwa mzuri, laini, wa mvua. Mchungaji akaomba. Hata kabla hajasema amina, nilimsikia Mwenyekiti nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayewaza tu:

"Na ule uyoga, uliletwa na nani?"

Ilitosha. Sijawahi kuona maneno machache yakitembea haraka hivyo.

Saa nne walikuwa wamemleta Susu kwenye uwanja wa ghala. Mimi nilikuwa ndani, nimefunga mlango, nikitazama kupitia dirisha la vyuma. Walikuwa wamemburuta, kanga yake ilikuwa imebaki njiani, amevaa gauni la ndani tu, na goti moja limechunika mpaka likawa jeupe. Aliyemshika ni Mbithi, mbeba magunia wa Mwenyekiti, mtu mwenye mabega kama mlango.

"Wee mama!" mtu alipiga kelele. "Wenzako wamekufa. Kwani tumbo yako ni ya mawe?"

"Nilikula uyoga wangu na ugali," Susu akasema. "Muthokoi nitatafuna na nini? Na hii?" Akafungua mdomo, akawaonyesha fizi.

Wapo waliocheka. Nilidhani kicheko kile kingemwokoa. Mbithi akamzungusha mkono nyuma, na nikasikia mfupa. Nilikuwa hatua thelathini, ndani ya ukuta wa matofali, na nilisikia. Susu hakupiga ukelele. Alisema "Asi!" kama mtu aliyejikwaa, akakaa chini. Kisha yakaja mawe, si makubwa, ya kuanzia tu. Moja lilimpasua juu ya sikio. Mwanamke niliyemjua kwenye kwaya alimpiga na kiatu, mara nyingi, akilia.

Mimi nilikuwa nimeshika funguo. Nilizibana mpaka zikanikata kiganja.

Mtu akaleta nyasi kavu za kuezekea. Hapo Mwenyekiti akainua mkono, na mawe yakakoma. Akawakumbusha kwamba zamani, kwenye hukumu ya king'ole, wazee hawakumuua mchawi mpaka ndugu yake wa karibu akubali mbele ya watu. Sisi si wanyama, alisema. Tufuate desturi. Serikali ilipiga marufuku jambo hilo kabla sijazaliwa, lakini kila aliyekuwa pale alijua maana yake. Wakamsukuma mbele Musyoki, mtoto wa pekee wa Susu, dereva wa lori la Mwenyekiti.

"Musyoki, ni mama yako," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Hatuwezi kugusa kiberiti bila wewe. Sema tu neno moja. Ukikataa, ni sawa, lakini utueleze hawa wengine tutawazika mpaka lini."

Musyoki aliwatazama watu. Akamtazama mama yake. Jasho lilikuwa linamtiririka kama amemwagiwa maji. Niliona mdomo wake ukianza kufunguka.

Sijui angesema nini. Mpaka leo sijui. Nadhani yeye pia hajui.

Nilifungua mlango.

Nilitoka na bambo mkononi kwa sababu lilikuwa limeegemea mlangoni, basi. Nilitaka kupiga kelele, sauti ikatoka kama ya mbuzi. "Niliula uyoga huo! Mimi nilikula!" Hakuna aliyeelewa. Nikarudi kizingitini, nikavuta gunia la kwanza mpaka nje, mgongo ukilia, nikalidunga. Mahindi ya kijani yakamwagika kwenye matope. Nikadunga lingine, na lingine. Harufu ikawafikia. Nikamwona mwanamke wa kwaya akishusha kiatu chake.

"Haya ndiyo mlikoboa," nikasema. "Haya."

Mwenyekiti aligeuza kichwa. Alimtazama Mbithi tu.

Mbithi alinipiga ngumi ya shingo. Nilianguka juu ya gunia. Akanishika koo kwa mikono yote miwili na kunibana, na uso wake ulikuwa karibu sana, hauna hasira hata kidogo, kama mtu anayefunga mzigo. Nikaanza kuona weusi pembeni. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru, na ndani ya mkono huo kulikuwa na kitu nilichotumia kila siku. Kikafanya kazi yake.

Kiliingia kwenye paja, juu, karibu na kinena. Kilipita kirahisi kuliko kwenye gunia.

Bambo lina mfereji. Nilisahau kwamba lina mfereji. Damu ilikuja ndani yake, ikamiminika kwenye kiganja changu, ya moto, kwa wingi, kama sampuli.

Nilipiga yowe nikalichomoa. Afadhali nisingelichomoa. Damu ikaruka mpaka kwenye shati la Musyoki. Mbithi alikaa chini akashika paja lake na kusema, "Mama. Mama, wee." Watu walirudi nyuma wakafanya duara. Mwenyekiti alirudi nyuma nao. Hakuna aliyemgusa.

Susu ndiye aliyekuja. Alitambaa kwa mkono mmoja, mwingine ukining'inia. Kiondo chake walikuwa wamekileta kama ushahidi, akakivuta akatoa kitu cha mviringo, kikubwa kama ngumi, cha kahawia, chepesi. Ni aina ya uyoga isiyo na mwavuli. Ukikauka unabaki kama mfuko wa ngozi uliojaa vumbi. Watoto wachungao mbuzi huukanyaga ufuke. Susu aliupasua kwa vidole, akamwaga lile vumbi lote kwenye kidonda cha Mbithi, akakandamiza juu yake ule mfuko wenyewe.

"Wewe, keti juu ya mkono wangu," akamwambia mwanawe. "Mimi sina nguvu. Keti!"

Musyoki akakaa juu ya mkono wa mama yake, juu ya paja la mtu aliyeuvunja mkono wake mwingine. Vumbi likanywa damu likawa kama ugali mweusi. Polepole ikaacha kuruka, ikawa inachuruzika, kisha inatoka kidogo kidogo. Mbithi alikuwa wa kijivu, akitetemeka, lakini alikuwa anapumua. Nilipoondoka alikuwa bado anapumua.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa mtu mzuri kama ningeishia hapo.

Mume wa Mwende alikuwa amepiga magoti kwenye matope akichambua mahindi kwa vidole, punje moja moja. Alikuwa na udongo wa kaburi kwenye viatu. Akainua kichwa akauliza, bila kumtazama mtu, "Nani aliwaambia wakikoboa yatakuwa mazuri?"

Akina mama wale wale walikuwa pale. Baadhi yao walinitazama. Nilijua wangesema. Pumzi moja zaidi na wangesema.

Nikamnyooshea kidole Mwenyekiti.

"Ni yeye," nikasema. "Yeye."

Walikuwa na michi. Wanawake walikuwa wameibeba kwa ajili ya Susu, michi ile ile ya kutwangia. Mwenyekiti alikimbia hatua tano hivi. Mchi wa kwanza ulimpata mgongoni, wa pili mdomoni. Walimpiga kwa zamu, wawili wawili, kwa mwendo uleule wa kwenye kinu, na hilo ndilo linaloniamsha: ule mwendo. Alikuwa akiniita. Hakuita Mungu wala mkewe. Aliita, "Karani! Waambie! Karani!" Meno yake mawili yalikuwa kwenye matope, karibu na mahindi.

Musyoki na mchungaji ndio waliowatenganisha. Alikuwa hai. Jicho moja, sidhani.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Niliokota kiganja cha mahindi, sijui kwa nini, nikakimbia mpaka barabarani, na lori la ng'ombe likanichukua.

Usinielewe vibaya. Mwenyekiti ana hatia. Alijua, alinyamaza, kisha akatafuta mjane wa kuchoma badala yake. Sitamlilia jicho lake. Lakini alipigwa kwa maneno yangu, na Mwende alikufa kwa maneno yangu, na mwanamke aliyevunjwa mkono ndiye pekee katika uwanja ule ambaye hakumuumiza mtu.

Naogopa polisi. Naogopa ndugu za Mbithi zaidi. Zaidi ya wote namwogopa mume wa Mwende, ambaye hatanipiga. Ataniuliza tu tena.

Asubuhi hii mpita njia mmoja ameniambia, akiwa hajui naumia wapi, kwamba askari walifika kule jana jioni. Wamemchukua Susu. Wanasema ni kwa usalama wake, lakini wamemwandikia kosa la kulisha watu sumu. Basi magunia yale yataondolewa, labda yameshaondolewa, na kitakachobaki ni kiondo na bibi asiye na meno.

Kwa hiyo nimeamua, na naandika hapa ili nisiweze kubadilika. Mahindi niliyookota nimeyafunga kwenye kitambaa. Nayatuma pamoja na daftari hili kwa dada yangu mkubwa, aliye muuguzi katika hospitali ya misheni. Dada, yasiguswe kwa mikono. Mpe daktari unayemwamini, mwambie atazame maini ya waliolazwa, si uyoga. Ukihitaji mtu mwingine wa kukusaidia, mwache asome haya, ila yeye pekee. Wewe, Dada, nisamehe ukurasa wa mlangoni mwa ghala. Najua ulimjua Mwende.

Na mimi nitasimama kizimbani na kusema yote, pamoja na yale ya sauti ya darasani. Si leo. Leo siwezi hata kujitaja jina.

Hivi ndivyo utakavyonipata. Njoo Emali siku ya soko, si siku nyingine, maana siku nyingine nitakuwa nimejificha. Pita kituo cha reli uende kule wanakopakia mbuzi kwenye malori ya Loitokitok. Usitaje jina langu. Uliza kijana anayewaandikia Wasomali barua za njiani za kusafirisha mbuzi. Nimeanza kazi hiyo leo, wananilipa chai. Kama hunioni, subiri mpaka saa nane, upande wa kivuli. Usije na mtu wa kijijini. Usije na askari, mpaka tuwe tumezungumza.

Ukinikuta usinipe salamu za mtu. Niambie tu kesi ya Susu ni siku gani, na ni mahakama ipi.

Nitasema nakuja. Nitasema ngoja nichukue koti. Usiningoje nje. Nifuate ndani, na nikianza kukimbia, nikimbize. Mimi si mwepesi.